Ya Mafuta

Pesa zilikuwa ndani ya soksi, na soksi ndani ya kopo la maziwa ya unga, nyuma ya sufuria. Damaris hakuzigusa hata siku alipoishiwa bando katikati ya simu na kaka yake Austine. Pesa hizo zilikuwa na kazi yake: kuwanunulia polisi mafuta ya gari.

Usicheke. Kwao Malava, huko Kenya, ndivyo mambo yalivyo. Unapiga simu kituoni wezi wakiwa zizini, unaambiwa gari iko, mafuta hakuna, jichangeni. Ng'ombe wao alipoibwa, majirani walijichanga mpaka jasho likawatoka, na askari walipofika ng'ombe alikuwa ameshageuka supu. Sasa polisi wa huku Dubai alikokuja kufanya kazi, na magari yao yanayong'aa vile, si mafuta yao ndiyo yatakuwa ghali zaidi? Damaris akaweka akiba.

Sababu ya kuwaita alikuwa nayo. Mkataba wake uliisha kabla ya Ramadhani. Pasipoti ilikuwa kwa Walid, mtoto wa Bi Hilwa, huyo bibi ambaye Damaris alikuwa akimtunza katika fleti ya Bur Dubai. Kila Ijumaa Walid alipoleta mahitaji, jibu lake kuhusu pasipoti lilikuwa lile lile: "Baada ya Eid, inshallah." Eid ilikuja, ikapita. Mama yake Damaris alikuwa amelazwa Kakamega, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi, anamwita bintiye. Damaris akikumbuka hilo alihisi kuta za fleti zinamsogelea.

Asubuhi hiyo alikuwa akimkata Bi Hilwa kucha, redio ya Eldoret ikivuma kwenye simu yake. Wasikilizaji walikuwa wakibishana: jiji lao jipya liwagharimie vipi polisi? Kwa kodi ya wote, au anayewaita achangie?

"Achangie!" Damaris alidakia. "Wakijua hutoi kitu, hawaji."

"Hebu niondolee upuuzi!" Bi Hilwa alisema. Alizaliwa Unguja, akaletwa Dubai akiwa bibi harusi, na Kiswahili chake hakikupata kutu hata kidogo. "Sasa ukiwaita wewe, na tajiri wako naye akawaita, watamsikiliza nani? Si yule mwenye kutoa zaidi?"

Damaris aliacha kukata kucha. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Walid hakuwa mtu wa kuficha noti kwenye soksi.

"Polisi alishwe na mji mzima," Bi Hilwa aliendelea, "asiwe chini ya fadhila ya mtu. Hapo hata mnyonge anafungua mdomo."

"Na hapa ni hivyo, mama?"

"Hapa ni hivyo."

"Nikiwaita hawatataka ya mafuta?"

Bi Hilwa alicheka mpaka akakohoa. "Mafuta! Loo, mwanangu, wewe una vituko."

Damaris hakucheka. Akammwagia yote: pasipoti, mama yake kitandani, zile Ijumaa za ahadi. "Wewe huwezi kujua, mama," alimaliza. "Wewe uko kwako. Mimi nimeshikiliwa hapa, hata chakula hakinishuki."

Bi Hilwa aligeukia dirisha. Kisha akasema, "Twende kwa Masuda leo. Tunavuka maji kwa mashua ya abra, tunamjulia hali, tunarudi." Masuda alikuwa shoga yake wa tangu ujanani, anaishi ng'ambo ya pili, Deira.

"Kesho, mama, inshallah."

Ndivyo alivyomjibu jana, na juzi pia. Walid alikuwa ameagiza: mama hupotea, asitoke. Viatu vya bibi viliwekwa juu ya kabati. Simu ya bibi Walid aliichukua, eti matapeli watamwibia. Amri ya sir ni amri.

Mtu wa maji aligonga. Damaris alifungua, akapokea chupa kubwa, akafunga tena, ufunguo akaurudisha shingoni ulikoning'inia kwa kamba.

"Basi lete hiyo simu yako," Bi Hilwa alisema. "Nikuonyeshe wanavyokuja bure."

Damaris alimtazama asiamini. Bibi akamnyooshea mkono. "Yalla! Lete."

Bi Hilwa alizungumza Kiarabu, taratibu, kwa muda mrefu, akitaja mtaa, jengo, ghorofa. Kiarabu cha Damaris kilikuwa cha jikoni tu, lakini jina lake alilisikia. Alisikia na "Kenya" pia. Ananisemea, alijiambia, bibi wa watu ananisemea! Machozi yakamtoka. Akaubusu ule mkono wenye mikunjo, akakimbilia chumbani kufunga begi. Alivaa gauni lake la kanisani. Kisha, kwa kuwa mtu hujui, akaitoa ile soksi kwenye kopo.

Kengele ililia kabla chai haijapoa. Mlangoni walisimama askari wawili, wa kike mbele, wa kiume nyuma. Damaris alilivuta begi wapate kuliona. Yule wa kike hakuliangalia. Alitazama ndani ya fleti, akamtazama Damaris, akanyoosha mkono, kiganja juu.

Heri nilijiandaa, Damaris aliwaza, na akampa noti zote. "Ya mafuta, madam."

Askari alikunja uso, akazirudisha mkononi mwa Damaris. Kisha akamuuliza kwa Kiingereza cha polepole: yule mama aliyepiga simu anasema ni miezi hajakanyaga nje, ufunguo wa mlango huu anao nani?

Nyuma ya Damaris, Bi Hilwa alikuwa ameshavaa baibui, yuko peku, akionyesha juu ya kabati. Mkono wa Damaris ulikuwa umekwisha kwenda wenyewe shingoni.