Sauti ya Mbwana

Televisheni ya bure siku hizi hailipiwi pesa, hulipiwa sauti. Kila nyumba hutoa sauti ya mtu wake mmoja, na sauti hiyo ndiyo inayowasomea matangazo ya biashara. Hidaya alipokwenda dukani kuchukua kisimbuzi, aliona haya kutoa ya kwake. Akatoa ya marehemu mumewe, Mbwana, kutoka kwenye jumbe za sauti alizokuwa bado anazihifadhi simuni. Maiti, alijiambia, haoni haya.

Siku ya hitima ya mwaka alisahau kuizima televisheni. Mama mkwe wake, Bi Mwantumu, alikuwa mkekani akichagua mchele wa pilau, mara tamthilia ikakatika.

"Mama," ikasema ile sauti ya upole, na kile kikohozi chake kidogo, "nyumbani hatuna sabuni. Ninunulie Povu Jema."

Ungo ukamponyoka bikizee. "Abee, mwanangu!"

Hidaya alirukia rimoti, akaeleza yote macho yakiwa chini, akitamani ardhi ipasuke immeze. Alingoja matusi. Bi Mwantumu aliokota mchele punje kwa punje.

Kesho yake asubuhi alibisha hodi, mkononi ana mfuko mzito. Ndani mlikuwa na miche kumi ya Povu Jema.

"Mama, sabuni zote hizi za nini?"

"Kaomba mwenyewe, mkwe wangu. Tangu tumzike hajaniomba kitu." Akajikalia mkekani, akaikabili televisheni. "Haya, washa. Tusikie leo anataka nini."