Katriji ya Bi Mashavu

Tangu printa zipewe haki ya kumshtaki anayezitilia katriji za kampuni nyingine, Bi Mashavu aliishi na yake kwa adabu, akiipigia hodi kabla ya kuifungua. Lakini leo shule ya bweni ilitaka picha ya rangi ya bintiye Sharifa kabla ya saa nne, la sivyo nafasi angepewa mwingine. Akapachika katriji ya bei poa.

“Hii si ya kwetu, mama,” ikasema printa.

“Najua, mwanangu. Nisitiri.”

Ikatoa picha safi, Sharifa anacheka. Bi Mashavu akashukuru mpaka machozi yakamtoka.

“Usijali, mama,” ikasema kwa upole. “Akishakwenda bweni, tutabaki mimi na wewe tu.”