Kitufe Asichofundishwa Bana Musonda

"Hapo usiguse, mama!"

Mwelwa alipiga kelele kuliko alivyokusudia. Kidole cha Bana Musonda kikaganda juu ya kompyuta, na wanawake wa kanisani waliokuwa wakimenya karanga pale sebuleni wakainua nyuso.

"Mwalimu, vipi?" akacheka Bana Chomba, jirani ambaye habari za Ndola nzima hulala kwake kwanza. "Umelia kama paka aliyekanyagwa mkia!"

"Kitufe hicho kinaharibu kazi," akasema Mwelwa.

Uongo. Kitufe kile hunenepesha na kukondesha sauti ya mtu, basi. Mwelwa alikuwa amekifundisha kwa kila aliyeanza kurekodi muziki nyumbani mtaani Chifubu: vijana wa kughani, wachungaji, hata fundi cherehani aliyerekodi kwaya asubuhi nzima, maikrofoni imezimwa. Simu yake haikutulia. "Sauti haitoki, mwalimu!" "Umechomeka waya?" "Aa, kumbe."

Kwa kila mgeni somo la kwanza lilikuwa moja: kabla hujagusa chochote, weka nakala pembeni.

Bana Musonda alikuwa mwanafunzi mzee kuliko wote, na mwepesi kuliko wote. Miezi mitatu, kashika kila kitu. Isipokuwa kitufe hicho, maana kila alipokiulizia, mwalimu alikumbuka ana safari.

Marehemu mumewe, Ba Kapambwe, aliacha wimbo mmoja ndani ya kompyuta ile. Gitaa lake, sauti yake nzito, mwanamume anabisha hodi na kumwita mkewe amfungulie. Wiki moja baada ya mazishi mashine ikawa inatambaa kama kinyonga. Bana Musonda akamwita Mwelwa, naye kwa haraka zake akabonyeza "safisha", kile kinachofagia kila kisichotumika. Alipofungua wimbo, gitaa lilikuwepo. Sauti haikuwepo. Na nakala hakuweka, yeye mwenye somo!

Hakusema. Alidai wimbo una mikwaruzo, akaubeba kwenda kuutengeneza kwake. Huko akafunga mlango na kuimba mwenyewe. Wimbo wenyewe alikuwa ameusikia mara moja tu, amesimama mlangoni, sikio moja liko kwenye simu. Maneno mengine aliyakumbuka, mengine akayashona. Jina la mke halikumsumbua: kwao mume humwita mkewe "Bana", yaani mama, wa mtoto wao wa kwanza, na wa kwanza ni Musonda. Akaliimba. Kisha akainenepesha sauti mpaka ikazeeka.

Siku ulipopigwa, watoto wote watatu walilia kwa sauti. Bana Musonda alijifunika kitenge usoni, mabega yakamtikisika. Tangu hapo, mgeni akija, kwanza kinywaji cha munkoyo, pili wimbo.

"Ulipendwa, mwenzetu!" walikuwa wakisema wanawake. "Wengine tunaitwa tukitakiwa kuleta maji ya kuoga tu!"

Kila sifa ilimkaa Mwelwa kama kokoto ndani ya kiatu. Alikonda. Kanisani alikaa viti vya nyuma. Na kesho jiwe la kaburi lingefunuliwa, spika zimekwishakodiwa, wimbo upigwe pale pale kichwani pa marehemu, mbele ya ukoo na kanisa zima. Kumdanganya mjane sebuleni kwake ni jambo moja. Kumsingizia maiti naye anasikiliza, hilo Mwelwa hakuliweza. Ndiyo maana leo amekuja.

Alingoja mpaka wanawake walipotoka kwenda kusonga nshima.

"Mama, kesho usiupige wimbo ule."

"Kwa nini, mwanangu?"

Badala ya kujibu, alikibonyeza mwenyewe kile kitufe. Sauti ya Ba Kapambwe ikaanza kukonda. Ikapoteza miaka kumi, ikapoteza ishirini, mpaka ikabaki ya kijana mwembamba aliyekaa hapo hapo kitini, jasho linamtoka.

"Ni mimi," akasema Mwelwa. "Wake niliufuta. Siku ile ya kusafisha. Nifukuze, nitukane, waite watoto wako wanipige. Kesho nitasimama mbele ya watu niseme."

Bana Musonda hakushtuka. Aliinuka, akarudisha mlango wa jikoni, akaketi tena.

"Hukufuta kitu. Niliihamisha ile sauti kabla sijakuita, kama nilivyozoea kumwona mume wangu akifanya."

"Umeihamisha?"

"Watoto walikuwa wanaudai wimbo kila siku. Nikasema upotee. Ila nilitaka upotelee mikononi mwa mtu mwingine, lawama isiwe yangu." Akainamisha macho. "Nikakuchagua wewe. Nilikuona unavyokonda, mwanangu, na nikanyamaza. Mungu anisamehe. Sikujua kama utarudi na wimbo."

"Sasa kwa nini, mama? Sauti ya mumeo mwenyewe!"

Alifungua fundo la kitenge, akatoa flashi, akaichomeka bila kuuliza pa kuchomeka. Kisha akamvika Mwelwa hedifoni, taratibu, kama anayemfunika mgonjwa.

Gitaa likalia. Sauti nzito ikaingia, ya kweli, isiyonenepeshwa na mtu, ikibisha hodi:

"Bana Kasonde, nifungulie, nimerudi nyumbani."

Bana Musonda akachomoa flashi.

"Kesho," akasema, "tunapiga wa kwako."