Harufu ya Fundi

Kila Jumamosi mchana, kabla ya kupanda gari la kwenda kwao Chome, milimani, Eliufoo alijipaka dawa ya choo. Kidogo kwenye kola ya shati, kidogo viganjani, na tone nyuma ya sikio kama bibi harusi.

"Utakuja kuchubuka wewe," Sumaiya alimwambia. Sumaiya ndiye aliyechanganya dawa hiyo na kuiuzia migahawa ya barabarani pale Same, ukiwemo huu ambao Eliufoo aliosha vyoo vyake. "Na mkeo anaamini kweli?"

"Akininusa tu, ananiambia leo mmepasua paini."

"Asiamini ana nini? Kinachonukia humu ndicho kilekile kilichomo kwenye utomvu wa mpaini. Wenyewe wanakiita pinini. Pua ya mtu itajuaje?" Akacheka. "Haya nenda, baba. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, nami nimenyamaza."

Eliufoo hakucheka. Angecheka nini? Mkwewe, marehemu Mzee Anaeli, alikuwa seremala ambaye milango yake hadi leo inafungika bila kusukumwa kwa bega. Mzee hakujaliwa mtoto wa kiume. Alipoona siku zake zimekwisha, alimkabidhi Eliufoo sanduku la vifaa mbele ya ukoo mzima, na Eliufoo akalipokea kifua mbele. Hata Ernesta, mkewe, alipotaka kuvipaka vifaa mafuta visishike kutu, alimkemea. "Wee! Randa si mwiko wa ugali. Mwanamke hashiki randa, watu watatucheka."

Akashuka Same kutafuta karakana. Akaipata. Mlango wa kwanza akaukata mfupi, wa pili akaukata mfupi zaidi, na tajiri akamwomba kwa upole asirudi tena. Kwa aibu alibaki hukohuko Same. Alipopata kazi ya vyoo, akamwambia Ernesta kwamba karakana yao inatumia mashine, vifaa vya Baba vikae tu stoo.

Uongo huo ungeweza kuzeeka salama, lakini kanisa likampata. Mchungaji mpya alikuwa anakuja Jumapili iliyofuata, na wazee wa usharika wakaamua kwamba kiti atakachokalia kitoke mikononi mwa mkwe wa Mzee Anaeli. Walimwambia sebuleni kwake, huku wamemshika bega. Ernesta, aliyekuwa anamimina chai, aliinamisha macho. Eliufoo akasikia mdomo wake ukisema ndiyo.

 Wiki hiyo alisugua masinki huku akiona kanisa zima limesimama, mchungaji hana pa kukaa, na wote wanamtazama yeye. Afadhali angekufa kabla ya Jumapili.

Ijumaa akaenda kwa Abubakari, muuza samani wa sokoni. Viti vilikuwa vingi, vya kung'aa, vya misumari. Kimoja tu kilimsimamisha. Kilikuwa cha paini, hakina hata msumari, na mgongo wake umelala kidogo, vilevile kama alivyokuwa akiilaza marehemu mkwewe. Yeyote wa Chome angekiona angesema kazi ya Mzee imefufuka.

"Kimetoka wapi?"

"Kimeshuka juzi kutoka milimani. Fundi usiniulize, ndugu yangu, hataki kutajwa."

Kwa Eliufoo hiyo ilikuwa neema. Fundi asiyetaka jina atamdai nini? Akakilipia, akakifunga kwenye shuka.

Jumamosi, alipoteremka garini huko Chome na kiti kichwani, akina mama waliokuwa bombani walimwona.

"Jamani, fundi huyo!" mmoja akapiga kelele.

"Fundi yupi sasa?" akajibu mwingine, na wote wakaangua kicheko wakigongana viwiko.

Eliufoo aliongeza mwendo. Wanajua, alijiambia. Kuna mtu alisimama na basi pale Same, akaingia chooni, akaniona na fagio. Jasho lilimtoka, ingawa huku juu kulikuwa na ubaridi.

Alipofika kwake, harufu ya paini ilimpokea kabla hajafungua mlango. Leo nimezidisha, aliwaza, akajifuta sikio.

Ernesta alitokea uani akijipangusa mikono kwa kanga. Kidole chake kimoja kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Umefanya nini tena, Mama Beatha?"

"Ndizi tu. Nilikuwa namenya. Pole na safari."

Eliufoo akakitua kiti katikati ya sebule, akavuta shuka. "Nimekitengeneza kwa mikono hii hii," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza.

 Ernesta hakumnusa shati kama kawaida yake. Alikitazama kiti kwa muda mrefu, kisha akamtazama mumewe, na machozi yakamlenga. Eliufoo akadhani ni fahari ya mke kwa mumewe. Mwanamke huyu anakilia kiti cha dukani! Nitamwambia, aliapa moyoni. Kesho, ibada ikiisha, nitamwambia yote, vyoo na dawa na kila kitu.

Ernesta alipiga magoti. Akakipindua kiti taratibu, akapitisha kidole gumba kwenye maungio, akakisimamisha tena na kukitikisa. Kikagonga sakafu mara moja: ko!

"Baba Beatha," alisema kwa upole, bila kuinua macho, "huu mguu wa nyuma mimi sikuridhika nao tangu mwanzo. Nilimwambia Abubakari asikichukue kabla gundi haijakauka."