Moto wa Lozi

"Siyo," alisema Ba'mdogo, na kijiko cha kumi na moja kikatupwa kwenye sinki.

Mpishi wa keki alikaza meno. Tangu Jumatatu alikuwa akichemsha sharubati ya lozi, akiimwaga, akichemsha nyingine, na tangu Jumatatu baba yake mdogo, mwenye duka na mwenye oveni, alimjibu kwa neno hilo hilo moja.

Utaratibu haukubadilika. Ba'mdogo alifungua kabati kwa ufunguo anaouvaa shingoni, akatoa chupa ya mraba ya pombe tamu ya lozi, akajimiminia kijiko kimoja. Alimeza huku amefumba macho, uso umemlegea kama mtu aliyeletewa habari njema. Kisha akaonja kijiko cha pili, cha binti wa kaka yake, na uso ukamshuka.

"Lozi ipo, utamu upo. Moto ndio haupo. Yangu ikipita kooni, unajua imepita. Yako inapita kama mgeni aliyekosea nyumba."

Mpishi mwenyewe hakuweza kulinganisha. Alikuwa ameapa pamoja na mume wake kwamba tone la pombe halitagusa ulimi wa yeyote kati yao. Jumamosi hii mume angetimiza mwaka mzima bila kunywa: mwaka wa mikono kutetemeka, wa kujifungia bafuni, wa kuzunguka mitaa mitatu ili asipite mbele ya baa. Daktari alishasema, hata kwenye chakula isiingie.

Alipomuuliza anataka nini siku hiyo, mume aliomba kitu kimoja: keki ya lozi waliyokata siku ya harusi yao, ya duka hili hili.

"Mwaka mzima nimekunywa vya badala, mke wangu," alimwambia. "Bia ya badala, divai ya badala. Siku moja tu nipe kitu chenyewe."

Na kitu chenyewe ndicho hicho kilichokuwa kabatini. Keki ile ikitoka kwenye oveni hutobolewa tobolewa kwa sindano ya kufumia, kisha Ba'mdogo huinywesha chupa yake, kifuniko baada ya kifuniko, mpaka ishibe. Hairudi tena motoni. Kinachoingia kinabaki.

Basi alihangaika. Arki ya lozi, ile ladha ya dukani, katika maji ya sukari ilinuka sabuni. Lozi za kukaanga na vanila zikawa uji. Aliazima hata sharubati anayotumia mchanganya vinywaji wa hoteli ya jirani kwa wageni wasiokunywa. Ba'mdogo akasema hiyo ni ya kupaka kwenye mkate. Akaunguza sukari, akaponda kokwa za aprikoti zenye harufu ya lozi, akachuja mara tatu. Siyo. Alipotia tangawizi ili apate huo moto, aliambiwa amepika dawa ya kikohozi. Alipotia pilipili, Ba'mdogo alitokwa na machozi na bado akapata nguvu ya kusema siyo.

"Wewe mpelekee ile ile ya kila siku, mwanangu," alisema Ma'mdogo, mke wa Ba'mdogo, kutoka mezani, akichekecha unga. "Haitamdhuru."

Mpishi aligeuka akiwa na mwiko mkononi. "Ma'mdogo, mume ni wangu, na siku zake nimezihesabu mimi, moja moja. Angekuwa wako ungempa?"

"Ningempa."

"Hayo ndiyo maneno yanayowarudisha watu baa."

Ma'mdogo alipiga chekecheke kwa kiganja, unga ukaendelea kushuka.

Ba'mdogo alicheka. "Msamehe Ma'mdogo wako, hajui nguvu ya kitu hiki. Mimi mwenyewe baa niliiacha kwa chupa hii. Vifuniko viwili asubuhi, basi, mwili umetulia mpaka jioni. Sijaitafuta nyingine. Unafikiri maji ya sukari yangeweza kazi hiyo?"

Ijumaa alasiri, kijiko cha kumi na nne kilifuata wenzake.

"Nyunyizia hicho ulichonacho, uiite keki ya watoto," alisema Ba'mdogo akivaa koti. "Ila jina la duka langu usiliandike juu ya boksi." Akabeba keki ya mteja, akatoka kuipeleka.

Mpishi alisukuma sufuria ikagonga ukuta. Sharubati ilichuruzika juu ya vigae, naye akaiangalia bila kuifuta. Kesho mume wake angekaa mezani, angeikata, angetafuna polepole, kisha angesema ni nzuri sana kwa sauti ile ile anayoisifia bia ya badala. Angejua. Na ingekuwa siku ya kwanza ya mwaka wa pili.

Alivuta pumzi, akaenda stoo kuchukua unga wa keki ya kawaida.

Ma'mdogo alikuwa amekaa juu ya gunia, chupa ya mraba imebanwa magotini, faneli mdomoni mwa chupa. Alikuwa akimimina kitu cha rangi ya asali kutoka kwenye jagi. Kando yake kulikuwa na ufunguo wa pili wa kabati, na kitambaa cha kuchujia kilikuwa bado kimekumbatia machicha ya lozi.

Mpishi alifunga mlango nyuma yake taratibu. "Ma'mdogo, unamchanganyia mumeo pombe yake?"

"Pombe gani?" Hakuinua macho, alikuwa akingojea tone la mwisho lishuke. "Ya mwisho niliimwaga kwenye sinki mwaka mmoja kabla ya harusi yako."