Zamu ya Baba Kuongea

Simu aliyoshika Euphrasia haikuwa na waya, wala hakukuwa na mtu upande wa pili, lakini darasa zima lilinyamaza likimsikiliza huyo mtu.

"Ehe," alisema. Akatulia, kidole kimelala pale mkonga wa simu unapowekwa. Akatabasamu. "Na ng'ombe je, kazaa?"

Bi Peterson, mwalimu wa maigizo wa shule yao pale Oxon Hill, Marekani, alipiga makofi. Hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji, ila wiki nzima alikuwa akiona zoezi hilo la kuigiza maongezi ya simu likiharibiwa. Wanafunzi waliuliza swali na kulijibu papo hapo.

"Mnaona? Mwenzako wa upande wa pili naye ana zamu," aliwaambia. "Mpe nafasi. Hesabu kimoyomoyo mpaka tatu, ndipo ujibu. Nani kakufundisha, Euphrasia?"

"Mama. Namwangalia akiongea na baba."

Wala hakutia chumvi. Kila Jumapili wakitoka kanisani, mama yake aliketi kitandani na kupiga simu Bukoba. Euphrasia alisimama mlangoni kusubiri zamu yake, na kila Jumapili mama aliweka mkonga chini akimtazama kwa huruma. "Kadi ya simu imeisha, mwanangu. Baba anakusalimia sana."

Miaka miwili ya salamu. Euphrasia alishachoka nazo. Baba gani huyo anayemaliza kadi nzima kwa habari za ng'ombe na migomba, asimbakizie mwanawe hata dakika moja? Aliona baba kamsaliti, na alimkasirikia hasa. Rafiki yake Chelagat alikuwa akimtania kwamba huyo mzee ni wa hadithi tu.

Mambo yaligeuka Jumapili ya mwisho wa Machi. Mama alitoka chumbani na habari: baba kapata viza, na siku ya onyesho la shule atakuwepo. Basi hasira yote ikaisha. Euphrasia aliandika jina la baba, LAUREAN, kwa herufi kubwa, akaenda kubandika karatasi kwenye kiti cha mstari wa mbele, katikati, mahali ambapo hata Chelagat angemwona vizuri.

"Akikalia hicho kiti, nitaamini," alisema Chelagat.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya mwisho kabla ya onyesho. Safari hii Euphrasia hakutaka salamu za kuletewa. Alitaka kumwambia baba mwenyewe habari za kiti, na amsikie akifurahi. Jikoni kulikuwa na simu nyingine, laini ileile ya chumbani. Kwa nini hakuiwazia siku zote hizo, yeye mwenyewe alijishangaa.

Alisubiri mpaka mama alipoanza. "Haloo, Baba Euphrasia. Habari za huko?" Hapo akanyata hadi jikoni, akanyanyua mkonga taratibu na kuubana sikioni, shikamoo ikiwa tayari mdomoni.

Ndani ya simu mlikuwa na mlio mmoja tu, mrefu, ule wa laini inayosubiri mtu apige namba.

Chumbani mama alinyamaza. Moja, mbili, tatu. Kisha akacheka.

"Usijali, Baba Euphrasia. Kiti ameshakuwekea."