Hodi Kwangu Mwenyewe

Siku hizi milango haina funguo. Hufunguliwa na mfumo wa kompyuta wa nyumba. Wetu wa zamani ulikuwa mzito, ukituacha juani tukisubiri. Nikaufuta, nikasakinisha mwepesi, wa bure, mimi niliyeambiwa kompyuta si kazi ya mpika maandazi! Kisha nikaongeza programu ya adabu: asiyepiga hodi haingii. Majirani walikuja kuusifu.

Alasiri mume wangu akarudi, akasimama mlangoni kimya.

"Piga hodi, Baba Mwanakombo!" nilimwambia dirishani, nikicheka.

"Nipige hodi kwangu mwenyewe?"

Jua lilimchoma. Mwishowe akasema polepole, "Hodi."

Mlango ukafunguka. Sauti niliyoirekodi kwa madaha ikamjibu: "Karibu, mgeni."